Mgeni wa angani naye apewe jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumezoea kuitumia majumbani na mashambani. Lakini maana yake ilipata kutumika angani, baina ya mataifa, na aliyeitumia alikuwa mwenyeji mdogo kuliko karibu wageni wake wote. Hakuitamka kwa Kiswahili, wala pengine hakupata kuisikia, lakini aliyoyadai ndiyo hayo hayo. Tumeona yafaa tukieleze kisa hicho leo, maana kinagusa swali ambalo nchi changa hazijaacha kuulizwa: nchi ndogo ikae wapi katika baraza la mataifa makubwa, na ikishakaa iseme nini?

Nchi tunayoizungumzia ni Iceland, kisiwa kilicho kaskazini ya mbali baina ya Ulaya na Marekani. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 103,000, yaani kama sehemu moja ya tisa ya Tanzania, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni barafu, mawe ya volkano na nyika isiyolimika. Mwaka 1944 wakazi wake wote hawakufika 130,000, na riziki yao kubwa ilikuwa samaki. Kwa karne nyingi kisiwa hicho kilitawaliwa na Denmark. Mwaka 1918 kilitambuliwa kuwa dola, lakini chini ya mfalme yule yule wa Denmark. Tarehe 17 Juni 1944, vita kuu ikiwa bado inaunguruma, wananchi wake walijitangazia jamhuri. Jeshi hawakuwa nalo, na hata leo hawana.

Taifa la namna hiyo, kwa hesabu za wakubwa, ni taifa la kupiga makofi mkutanoni na kurudi nyumbani. Haikuwa hivyo.

VITA ILIACHA VIWANJA

Ili tuelewe jambo hili, yatubidi tuanze na vita. Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Uingereza yalitua Iceland bila kubisha hodi, kwa hofu kwamba Wajerumani wangetangulia. Mwaka 1941 yakaja majeshi ya Marekani. Waingereza wakajenga kiwanja cha ndege pembeni mwa mji mkuu, Reykjavik. Wamarekani wakajenga kiwanja kikubwa zaidi huko Keflavik, kilichofunguliwa mwaka 1943. Kabla ya hapo kisiwa hicho kilikuwa mahali pa kufikiwa kwa meli. Ghafula kikawa kituo cha njia ya ndege inayovuka bahari ya Atlantiki.

Vita ilipokwisha, viwanja vilibaki. Lakini kiwanja peke yake ni uwanda wa lami tu. Kinachokifanya kiwe na manufaa ni watu na mitambo: mtu wa hali ya hewa anayejua dhoruba ilipo na inakoelekea, mtu wa redio anayesikiliza usiku kucha, mwongoza ndege anayehakikisha kuwa ndege mbili hazikutani mahali pamoja kwa urefu mmoja, na watu walio tayari kutoka kwenda kutafuta ndege iliyopotea. Ndege za wakati ule, kama ile ya injini nne iitwayo DC-4, zilichukua saa nyingi kuvuka bahari hiyo. Setilaiti hazikuwapo. Baina ya pwani na pwani, rubani aliitegemea sauti ya redio iliyopenya ngurumo na mawimbi, na ramani ya hali ya hewa iliyochorwa na mtu ambaye hatamwona kamwe. Aghalabu rubani huyo alikuwa Mmarekani, Mwingereza, Mholanzi au Mfaransa. Mtu wa redio alikuwa Mwaislandi.

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Huduma hii nani ailipie?

CHICAGO, MWAKA 1944

Tarehe 1 Novemba 1944, miezi minne na nusu tu baada ya Iceland kuwa jamhuri, ulifunguliwa mjini Chicago mkutano wa kimataifa wa usafiri wa anga. Zaidi ya nchi 50 zilihudhuria. Urusi ya Kisovieti haikuhudhuria. Katika Afrika nzima, zilizokuwa na viti ni Misri, Ethiopia, Liberia na Muungano wa Afrika Kusini uliokuwa chini ya makaburu. Anga ya Tanganyika na Zanzibar, Kenya na Uganda ilisemewa na wengine, maana wenyewe tulikuwa bado tunahesabiwa miongoni mwa mali ya watu.

Mkutano huo ulitawaliwa na mvutano wa wakubwa wawili. Marekani, iliyotoka vitani na ndege nyingi na viwanda vilivyo hai, ilitaka anga ifunguliwe ili kila mwenye ndege apite na kuchukua abiria. Msemaji wake alikuwa Adolf Berle. Uingereza, iliyochoka kwa vita lakini bado na makoloni duniani kote, ilitaka safari zigawanywe na kusimamiwa, isije ikamezwa na rafiki yake. Msemaji wake alikuwa Lord Swinton. Kila upande ulinena juu ya faida ya ulimwengu, na kila upande ulikuwa ukipima faida ya nyumbani kwake.

Ujumbe wa Iceland uliongozwa na Thor Thors, mwakilishi wa nchi yake mjini Washington. Haukuwa na ndege za kutisha wala makoloni ya kubadilishana. Ulikuwa na kitu kimoja tu: nchi yao ilikuwa mahali ambapo wote hao walitaka kupita.

Mkataba uliotiwa sahihi tarehe 7 Desemba 1944 una ibara 96. Ibara ya kwanza inasema kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake. Hiyo ndiyo ibara ambayo nchi zote changa zimeishika kwa mikono miwili, nasi tukiwamo. Kisha kuna ibara ya 28, ambayo kila dola iliyojiunga inaahidi, kwa kadiri inavyoweza, kuweka viwanja, redio na huduma za hali ya hewa. Tazameni maneno hayo, “kwa kadiri inavyoweza”. Je, isipoweza? Ndipo inapokuja sura ya 15 ya mkataba, ibara za 69 hadi 76, ambayo watu wengi huipita bila kuisoma. Sura hiyo inasema kwamba huduma za nchi fulani zikiwa hazitoshi kwa usalama wa safari za kimataifa, Baraza la shirika jipya laweza kushauriana na nchi hiyo na nchi nyingine zinazohusika, na kutafuta njia ya kugharimia huduma hizo kwa pamoja.

Shirika hilo ndilo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililoanza rasmi tarehe 4 Aprili 1947, makao yake yakiwa Montreal, Kanada. Katika Mkutano Mkuu wake kila nchi ina kura moja, iwe ina ndege elfu au haina hata moja.

NJIA TATU MBAYA, NA MOJA NJEMA

Mwezi Machi 1946 nchi zilizohusika na anga ya Atlantiki ya Kaskazini zilikutana Dublin, Ireland, kupanga huduma zipi ziwekwe wapi. Mwaka huo huo, mjini London, zilikubaliana pia kuweka meli za kupima hali ya hewa katika vituo 13 baharini. Iceland nayo ikapangiwa kazi: redio, utabiri wa hali ya hewa na uongozaji wa ndege katika eneo la bahari lililo kubwa mara nyingi kuliko nchi yenyewe. Kwa mipaka ya miaka hii, anga inayosimamiwa kutoka Reykjavik inafika kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, nayo ni kilomita za mraba kama 5,400,000. Tanzania nzima yaweza kulazwa humo mara tano, na nafasi ikabaki.

Serikali ya wavuvi 130,000 ingepata wapi fedha za kazi hiyo? Ndege zilizokuwa zikipita zilikuwa karibu zote za wageni. Iceland ilikuwa na njia tatu za wazi, na zote tatu zilikuwa mbaya.

Njia ya kwanza ilikuwa kukataa. Ingeweza kusema: sisi hatuna fedha, kila mtu ajue la kufanya. Lakini watu wangekufa baharini, na wakubwa wasingekosa kisingizio cha kuja kuifanya kazi hiyo wenyewe.

Njia ya pili ilikuwa kuwaachia wageni wafanye kila kitu. Hii ndiyo njia rahisi, nayo ndiyo iliyowapoteza wengi. Anayeendesha redio yako na kuisoma hali ya hewa yako ndiye anayejua nani anaingia na nani anatoka. Ukimwachia mgeni kazi hiyo kwa sababu tu ana fedha, utabaki na bendera mlingotini huku funguo za nyumba ziko mfukoni mwake.

Njia ya tatu ilikuwa kudai ushuru kwa kila apitaye. Lakini ibara ya 15 ya Mkataba wa Chicago inakataza kutoza ada kwa sababu tu ya haki ya kupita. Tena, sehemu kubwa ya anga hiyo iko juu ya bahari kuu, ambayo haina mwenyewe. Huwezi kumtoza mtu ushuru wa njia usiyoimiliki.

Iceland ikachagua njia ya nne. Ilikwenda kwenye shirika, ikaifungua sura ya 15, ikasema: huduma hii tutaitoa sisi, kwa watu wetu na chini ya mamlaka yetu. Lakini wanaoitumia ni ninyi. Hesabu hii hapa, tuikague pamoja, kisha kila mmoja achangie kwa kadiri anavyopita.

Hilo ndilo jembe alilopewa mgeni.

MKATABA WA GENEVA

Tarehe 26 Juni 1948, mjini Geneva, mkutano ulioitishwa na ICAO ulikamilisha mapatano juu ya huduma za anga za Iceland. Tarehe 25 Septemba 1956, mjini humo humo, yalitiwa sahihi mapatano mapya yaliyochukua nafasi yake, pamoja na mengine ya namna hiyo na Denmark kuhusu Greenland na visiwa vya Faroe. Mapatano hayo yalirekebishwa Montreal mwaka 1982, na yakaendelea kufanya kazi hadi karne hii.

Tuyaangalie jinsi yalivyofanya kazi, kwa kuwa ndani ya utaratibu huo ndimo mna busara yenyewe. Kila mwaka Iceland ilitoa makisio ya gharama: mishahara ya watu wa redio, matengenezo ya mitambo, vipimo vya hali ya hewa. Baraza la ICAO liliyapitia na kuyakubali au kuyapunguza. Mwaka ulipokwisha, hesabu halisi zilipelekwa Montreal kukaguliwa. Nchi wanachama ziligawana asilimia 95 ya gharama zilizokubaliwa, na mgawo wa kila nchi ulifuata idadi ya safari ambazo ndege zake za kiraia zilivuka baina ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, upande wa kaskazini wa mstari wa 45. Aliyepita mara nyingi alilipa zaidi, na aliyepita mara chache alilipa kidogo. Hakuna aliyelipa kwa sababu ni tajiri, wala aliyesamehewa kwa sababu ana manowari.

Zile asilimia 5 zilizobaki alizilipa mwenyeji mwenyewe. Hapa pana fundisho. Iceland haikuomba sadaka, wala haikudai kubebwa mzima mzima, kwa kuwa nayo ilinufaika na redio na utabiri ule. Mwenyeji alishika jembe lake kwanza, ndipo akamnyoshea mgeni la kwake. Anayechangia, hata kama mchango wake ni mdogo, ana haki ya kunena mbele ya wanaochangia zaidi.

Katika miaka ya 1970 ukaongezwa utaratibu wa kuyatoza mashirika ya ndege yenyewe, ili mzigo utoke kidogo kidogo kwa walipa kodi na kumfikia anayesafiri. Ada hiyo ilikuwa ni malipo ya huduma iliyotolewa, kwa hiyo haikuvunja ile ibara ya 15. Uingereza ndiyo iliyopewa kazi ya kuikusanya.

Msomaji ashike neno hilo la Uingereza, maana miaka hiyo hiyo nchi hizi mbili zilikuwa zikigombana vikali juu ya samaki. Iceland ilisukuma mpaka wake wa uvuvi hadi maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972, na maili 200 mwaka 1975. Manowari za Uingereza na boti za ulinzi za Iceland ziligongana baharini. Mwezi Februari 1976 Iceland ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na ugomvi ukamalizika mwezi Juni kwa ushindi wa yule mdogo. Katika kipindi chote hicho mapatano ya anga ya mwaka 1956 yalibaki hai. Walitofautiana juu ya samaki, lakini hawakuyafanya maisha ya abiria kuwa silaha ya ugomvi huo. Huo ni ukomavu ambao mataifa makubwa mengi bado hayajaufikia.

MAHALI BILA WATU NI BURE

Yupo atakayesema kwamba Iceland ilikuwa na bahati tu ya kuwekwa na jiografia mahali panapotakiwa. Hatukatai kwamba mahali ni neema. Lakini dunia ina sehemu nyingi zilizo katika njia kuu ambazo wenyeji wake hawakuambulia kitu ila vumbi la wapitao. Mahali bila watu waliofunzwa ni bure.

Waaislandi walijifunza. Tarehe 10 Machi 1944, kabla hata ya jamhuri kutangazwa, vijana watatu marubani waliosomea kazi yao Kanada, Alfreð Elíasson, Kristinn Olsen na Sigurður Ólafsson, walianzisha kampuni ya ndege iitwayo Loftleiðir. Mwaka 1947 ilipata ndege yake ya kwanza ya kuvuka bahari, ikapewa jina la Hekla, mlima wa volkano uliolipuka mwaka huo huo.

Tarehe 14 Septemba 1950 ndege nyingine ya kampuni hiyo, Geysir, ikitokea Luxembourg na mizigo, iliangukia juu ya barafu kubwa ya Vatnajökull. Watu sita walikuwamo. Ilidhaniwa wamekufa. Baada ya siku nne meli ya ulinzi wa pwani ilinasa sauti dhaifu ya redio ya dharura: wote sita walikuwa hai. Ndege ya kijeshi ya Marekani yenye miguu ya kutelezea thelujini ilitua ili iwachukue, nayo ikashindwa kuruka tena. Ikabidi watu wa Iceland wapande kwa miguu na kuwateremsha wote, walioanguka pamoja na waliokuja kuwaokoa. Ile ndege ya Wamarekani ikaachwa ifukiwe na theluji. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1951 watu wa Loftleiðir, waliokuwa wamekwisha kuinunua kama chuma chakavu, walipanda barafuni, wakaifukua, wakaitengeneza, wakaiwasha na kuirusha hadi nyumbani. Taifa lenye watu wa namna hiyo halisubiri kupewa heshima.

Kampuni hiyo ilikataa pia kufuata nauli zilizopangwa na chama cha mashirika makubwa ya ndege, IATA. Ilishika mkataba baina ya Iceland na Marekani wa tarehe 27 Januari 1945 uliowaruhusu kuruka hadi New York, na kuanzia mwaka 1955 ikawa inapeleka abiria wake Luxembourg, nchi nyingine ndogo iliyokuwa tayari kuipokea. Nchi mbili ndogo zikashikana mikono, na wanafunzi na vijana wasio na fedha wa Marekani na Ulaya wakavuka bahari kwa nauli waliyoimudu. Mwaka 1973 kampuni hiyo iliungana na mwenzake wa nyumbani, na hapo ndipo lilipotoka shirika la ndege la Iceland lijulikanalo hata leo.

TUSIDANGANYANE

Hata hivyo hatutaki kuwapamba watu kwa maua ya karatasi. Yapo mambo mawili ambayo hatuna budi kuyasema.

La kwanza, Iceland haikuwa huru kwa kila hali. Chini ya mapatano ya mwaka 1946 askari wa Marekani waliondoka, lakini watumishi wa kiraia wa Marekani walibaki kuendesha kiwanja cha Keflavik. Mwezi Machi 1949, Bunge lilipopitisha nchi iingie katika muungano wa kijeshi wa NATO, wananchi waliandamana mbele ya Bunge, wakapigwa kwa mabomu ya machozi. Mwaka 1951 askari walirudi, na hawakuondoka hadi mwaka 2006. Redio ya kiraia ilikuwa mikononi mwa wananchi, lakini jirani yake alikuwa na bunduki. Nchi ndogo yaweza kushinda katika jambo moja na kuminywa katika jingine, na ni wajibu wa wananchi wake kuzijua tofauti hizo.

La pili ni kubwa zaidi, nalo latuhusu sisi. Sura ya 15 iliandikwa kwa ajili ya ulimwengu mzima. Walakini mapatano makubwa ya kuchangia gharama yaliyozaliwa chini ya ICAO yalikuwa yale ya Atlantiki ya Kaskazini: Iceland, Greenland na Faroe, na zile meli za hali ya hewa. Kwa nini huko? Kwa sababu abiria wa matajiri walipita huko. Njia iliyohitajiwa na wenye nguvu ilipata fedha na mapatano yenye hesabu safi. Njia zinazopita juu ya misitu na majangwa ya Afrika hazikupata jembe la mgeni kwa wepesi huo. Nchi za Afrika zilizotawaliwa na Ufaransa ilizibidi kuunda umoja wao wenyewe wa huduma za anga, ASECNA, mwezi Desemba 1959, makao yake Dakar, Ufaransa ikiwa mwanachama. Nchi nyingine zilijikongoja kila moja na mnara wake.

Hatusemi haya ili kuwaonea wivu Waaislandi. Walichokidai kilikuwa haki. Tunasema haki hiyo haikupaswa kuishia mstari wa 45.

SISI NA ANGA YETU

Katika Afrika ya Mashariki somo hili si geni, ila tulilisoma kwa machungu. Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilianzishwa mwaka 1946, wakati wa ukoloni, kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Baada ya uhuru likawa mali ya pamoja ya mataifa yetu, na chini ya Jumuiya ya mwaka 1967 tulikuwa na idara moja ya usafiri wa anga. Ndege zetu zilifika Ulaya na Asia. Lakini madeni yalipolimbikizana na washirika wakawa hawasikilizani juu ya nani alipe nini, mwaka 1977 shirika lilikufa, na Jumuiya nayo ikavunjika mwaka huo huo. Kila nchi ikabeba vipande vyake. Tanzania ikaanzisha shirika lake, Kenya lake, Uganda lake.

Sababu za kuvunjika kwa Jumuiya zilikuwa nyingi, za siasa na za uchumi, nasi hatudai kuzimaliza hapa. Lakini ukilinganisha na Geneva utaona jambo moja. Waaislandi na wageni wao hawakuwa ndugu, wala hawakuimba nyimbo za umoja. Kilichowaweka pamoja ni hesabu iliyo wazi, inayokaguliwa kila mwaka na mtu wa tatu, na kipimo cha mchango ambacho kila mmoja aliweza kukihesabu mwenyewe kwa vidole. Sisi tulikuwa na undugu, na undugu ni jambo la thamani. Lakini undugu usiokuwa na daftari huchoka.

Lipo pia la kututia moyo. Kwa miaka mingi waongoza ndege wa Dar es Salaam waliisimamia anga ya juu ya Rwanda na Burundi pamoja na yetu. Rubani aliyekuwa juu ya vilima vya nchi hizo alizungumza na kijana wa Kitanzania aliyekaa karibu na bahari ya Hindi. Mwaka 2007 Jumuiya mpya ya Afrika ya Mashariki ilianzisha wakala wake wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, makao yake Entebbe. Mbegu ipo. Kinachotakiwa ni kuipalilia.

Na kama yupo anayedhani kwamba mambo ya Iceland hayatuhusu kwa kuwa ni mbali, na akumbuke mwezi Aprili 2010. Mlima wa Eyjafjallajökull ulilipuka huko, jivu likatanda juu ya Ulaya, na safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa katika muda wa siku chache. Huko Naivasha, Kenya, maua yaliyokwisha kukatwa yalioza yakingoja ndege, na vibarua waliambiwa wakae nyumbani. Mlima ulikuwa Iceland, hasara ikafika hadi jikoni kwa mama wa Naivasha. Siku zile ulimwengu mzima ulikuwa ukingoja taarifa za wanasayansi wachache wa kisiwa kile waliokuwa wakiupima mlima usiku na mchana. Hakuna aliyeuliza idadi ya watu wa nchi yao.

Kwa hiyo tunasema hivi. Ukubwa wa nchi haupimwi kwa eneo lake wala kwa idadi ya ndege zake tu. Hupimwa pia kwa kazi ambayo wengine hawawezi kuendelea bila yake, na kwa ujasiri wa kuidai haki ya kazi hiyo bila kupiga magoti na bila kupiga kelele. Iceland ilikuwa na mahali. Ikafundisha watu. Ikaandika hesabu. Kisha ikawakaribisha wakubwa mezani, ikawaonyesha daftari, nao wakalipa.

Vijana wetu wanaokesha leo kwenye minara ya kuongozea ndege na kwenye vituo vya hali ya hewa wanatoa huduma ya namna ile ile, kwa ndege za mataifa ambayo pengine hawatayaona maishani. Wafunzwe vema, walipwe kwa haki, na vyombo vyao vitunzwe. Na viongozi wetu wanapokwenda Montreal, waende na hesabu iliyokaguliwa mkononi, na ile sura ya 15 wawe wameisoma hadi mwisho. Kura tunayo, moja, sawa na ya mkubwa yeyote. Mgeni wa angani anapita juu ya vichwa vyetu kila siku. Siku ya tatu imekwisha kufika zamani.